Chuo Kilipokuja Kitai

Mkufunzi alikuja Kitai na Landrover, akatukusanya kwenye ghala la kahawa la ushirika. Alitumwa kutafuta vijana waliomaliza kidato cha nne wakasomee ualimu. Mtu wa mkoa mwingine, suruali imepigwa pasi.

Alikinadi chuo chake kama mtu anayeuza ng'ombe. Kuna umeme. Kuna maktaba. Kuna nyama kila Jumapili.

"Siku nyingine mnakula hotuba, ndugu mkufunzi?" kijana mmoja akauliza kutoka nyuma.

Watu wakacheka, na yeye akacheka. Kisha akasema Taifa lina njaa ya walimu wanawake. Akanitazama, maana msichana nilikuwa peke yangu. Akanipa hesabu, nikaikokotoa palepale. Akaniuliza kwa Kiingereza, nikamjibu kwa Kiingereza.

"Wewe ndiye tunayekutafuta," akasema. "Huna mume? Huna mtoto? Chuo hakipokei msichana aliyezaa."

"Sina."

Mwanangu alikuwa bado ananyonya. Nilikuwa nimemwacha na mama yangu nyuma ya mgahawa wa jirani, nikajifunga kitambaa kifuani. Tulishakubaliana: yeye amlee, mimi nisome. Baba wa mtoto alikuwa benchi lilelile nililokalia mimi, anaangalia dari.

Ndipo mama yake akaingia, kamletea mwanawe viazi vya kuchemsha.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia. Ningefanyaje?

"Marahaba," akasema, na hapohapo akaniita mama wa fulani, kwa jina la mwanangu, kwa sauti ya kusikika ghala zima. Kwetu mwanamke akishazaa hutamwita jina lake la usichana mbele za watu. Ni kumdharau. Yule mama alikuwa ananipa heshima yangu.

"Mama wa nani?" mkufunzi akauliza.

"Wa mjukuu wangu. Kazaa na huyu mwanangu hapa. Dume, baba, lina miguu hiyo."

Mkufunzi akanitazama kidogo. "Umenipotezea muda, ndugu." Akamgeukia baba wa mtoto. "Na wewe kijana, hesabu unaziweza?"

Nikasimama. "Mtoto ni wa wawili," nikasema.

"Sharti ni la wasichana." Hakuwa hata na ukali. Alisema kama anayekuelekeza kituo cha basi.

Watu huniuliza kama nililia. Sikulia. Nilisikia maziwa yakilowesha kile kitambaa, basi. Hasira ilikuja baadaye, na haijaondoka.

Yule mama alinifuata hadi nje. "Mwanangu, nimekosea wapi? Si nimekuheshimu?"

"Hujakosea, mama."

Nyuma ya mgahawa mtoto alikuwa analia. Nikakaa chini, nikafungua kitambaa, nikampa ziwa. Mama yangu alisubiri mpaka akatulia.

"Wamekuchukua?"

"Wamemchukua baba yake," nikasema.