Ukucha wa Tano

Ke Maolin alichora majoka tu, maisha yake yote. Katika matanuri ya vyombo vya kauri vya mfalme pale Jingdezhen, Uchina, kila fundi ana kipande chake: huyu mawingu, yule mawimbi, na Ke majoka, kucha tano kila mguu. Kucha tano ni za mfalme peke yake. Raia akikutwa nazo nyumbani anakatwa kichwa. Mimi nilimsagia rangi ya buluu, na hadi leo nikilisikia jina la Xun damu inanichemka.

Xun alikuwa mkaguzi. Ulitoka tanurini mtungi mkubwa wa kumficha mtu mzima, joka limeuzunguka wote. Xun akautazama kidogo tu, akasema, "Mbovu. Macho kama ya chura."

Uongo mtupu! Ke akachapwa viboko hadi akashindwa kuketi. Chombo kibovu cha mfalme huvunjwa na vigae vyake kufukiwa shimoni, raia asije akakitumia. Xun akasema huo atauvunja mwenyewe.

Kesho yake asubuhi mtungi ukaletwa nyumbani kwa Ke, umefungwa kwa majani makavu, na Xun nyuma yake.

"Sugua ukucha mmoja kila mguu, utoke," alisema. "Zikibaki nne, baba mkwe wangu ataweza kuuweka sebuleni."

"Si ulisema mbovu, Bwana Xun?"

"We mzee, mgongo unakuwasha tena?"

Nilitaka kumrukia. Ke akanishika mkono. "Sawa, bwana," akasema, na yule mwizi akaondoka zake akitabasamu.

Lakini Ke hakugusa jiwe la kusugulia. "Mdogo wangu, shika upande wa pili," aliniambia. Tukaubeba mtungi mchana kweupe mpaka kwenye shimo la vigae, ambako Xun alikuwa akiwafokea mafundi.

"Bwana mkaguzi," Ke alipaza sauti, "ule mtungi mbovu uliosahau kuuvunja, huu hapa!"

Xun angesema nini? Kwamba ni mzima, na Ke kachapwa bure?

"Vunja," akasema.

Ke akainua nyundo. Wenzetu walicheka hadi wakashika mbavu. Mimi sikucheka. Nilikuwa karibu naye, nikamwona anavyolia kila alipopiga, maana hakuwahi kuchora joka zuri kama lile, na alijua hatachora jingine.