Bati la Bafuni na Bili ya Umeme

Sisi tuliokulia Kariakoo kabla maghorofa hayajaziba jua, umeme tuliujua kwa sura. Ulikaa kwenye mita ukutani, pale unapoingilia korido, na nyuma ya kioo chake kulikuwa na kisahani chembamba chenye alama nyekundu kilichozunguka mchana na usiku. Kikizunguka taratibu, wazazi walikuwa na amani. Kikikimbia, mtu aliitwa.

Nyumba yetu ilikuwa na vyumba sita, vitatu huku na vitatu kule, na korido katikati. Uani kulikuwa na jiko la pamoja, choo, na bafu lililozungushiwa bati. Familia sita, watoto tisa, mita moja. Baba yangu, mtu wa Lindi, karani wa ghala la nafaka jirani na soko, ndiye aliyechaguliwa kusimamia mambo ya umeme, nadhani kwa sababu alikuwa na kalamu mbili. Kila chumba kilichangia kwa idadi ya balbu. Redio ilihesabiwa nusu balbu. Pasi iliruhusiwa Jumamosi tu, na ukipiga pasi ulipiga na za wenzio. Ukiacha taa inawaka Baba hakugomba. Alisimama mlangoni akauliza kwa upole, "Unamwangazia nani?" Ulikimbia kuizima.

Chumba cha mwisho, karibu na uani, alikaa Mama Eliasi, mjane kutoka Machame, mwenye watoto wawili: Eliasi, rika langu, na Neema aliyekuwa na miaka minne. Mama Eliasi ndiye peke yake aliyekuwa na friji. Alitengeneza barafu za ukwaju na ubuyu kwenye vifuko vya nailoni, akawauzia wachukuzi wa mizigo waliotoka sokoni wakivuja jasho. Friji lake lilihesabiwa balbu nne, na alilipa bila neno. Sisi watoto tulipewa vifuko vilivyopasuka, na sijui ilikuwaje, lakini kila siku vilipasuka tisa.

Masika moja, mvua zikiwa zimeshalijaza bonde la Jangwani maji, bili ilikuja karibu mara mbili ya kawaida. Baba aliisoma amesimama, akakaa, akaisoma tena. Mwezi uliofuata ilipanda zaidi. Watu wazima wakaitana kikao koridoni, kila mmoja na kigoda chake. Kila mtu alieleza alivyo mwangalifu. Mmoja alisema yeye hata redio huizima wakati wa matangazo. Walipomaliza kueleza, macho yakaenda pole pole mpaka mlango wa mwisho, ambako friji lilikuwa linanguruma.

Baba ndiye aliyelisema. Alimwambia Mama Eliasi kwamba hakuna anayemshutumu, ila friji lizimwe mwezi mmoja tuone. Mama Eliasi alimtazama, akauliza kama wote wamekubali. Wakaanza kuokota vigoda vyao, na hilo likawa jibu. Akaingia ndani, tukasikia friji linakata ngurumo yake, na nyumba ikawa kimya kuliko nilivyowahi kuisikia.

Mwezi ule ulikuwa mrefu. Wachukuzi walipita, wakauliza, wakaenda kununua kwingine. Mama Eliasi alianza kufua nguo za watu. Eliasi aliacha kucheza rede na sisi, kisha akarudi, kwa sababu hakukuwa na wengine wa kucheza nao. Bili ilipokuja ilikuwa kubwa kuliko zote. Nilimwona Baba akiikunja mara nne na kuitia mfukoni, kisha akapita mbele ya mlango wa mwisho akitazama upande mwingine.

Jumapili mchana, Mama Eliasi alipotoka kanisani, Baba aliwaomba watu wazima kila mmoja azime kila kitu chumbani kwake. Taa, redio, vyote. Kisha wote wakaja kuitazama mita. Kisahani kilikuwa kinazunguka. Kila kitu kimezimwa, chenyewe kinakwenda tu, kama mtu mwenye safari zake. Ikasemwa kuna mwizi aliyevuta waya. Mwingine akataja majini. Baba akasema majini hayana balbu.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yao, na nilikuwa najua. Sijui kama nilijua kabla ya dakika ile, lakini nilipoona kile kisahani, nilijua.

Tulikuwa na mchezo wetu. Tangu mvua zianze, ukioga kisha ukaweka kiganja kwenye bati la bafu, bati lilikutia ganzi mpaka kiwikoni. Tukauita kuliamkia bati. Unaweka mkono, unasema shikamoo, na bati linakuitikia. Atakayekawia kuondoa mkono ndiye bingwa, na bingwa alikuwa Eliasi. Sheria ilikuwa moja tu: lazima uvae kandambili. Sheria hiyo tuliitunga baada ya mmoja wetu kuingia pekupeku na kutupwa chini. Tulicheka siku nzima. Hatukuwaambia wakubwa kwa sababu wangetukataza, na michezo mizuri tayari ilikuwa imeshakatazwa.

Nikageuka kutazama uani. Neema alikuwa anaelekea bafuni na kikopo chake cha maji. Alikuwa pekupeku.

Nilimkimbilia nikamshika gauni. Akalia, watu wazima wakageuka, na Baba akauliza kuna nini.

"Baba, umeme uko bafuni," nikasema.

"Umeuona?"

"Tunaushikaga."

Sikumbuki uso wake. Nakumbuka alivyotembea mpaka bafuni, akagusa bati kwa mgongo wa kidole, akarudi hatua moja. Akaenda kwenye mita akakata swichi kubwa. Kisha akakaa chini sakafuni, koridoni, na shati lake safi, akaanza kutuita majina mmoja mmoja. Kila aliyeitwa alisema abee au naam. Tulipofika tisa, akaanza upya.

Nilisubiri fimbo. Haikuja, siku ile wala nyingine. Fundi alipokuja alikuta waya uliochubuka juu ya paa, umelala kwenye bati lililoshikana na lile la bafu, na mvua ikiupeleka umeme ardhini kupitia ukuta. Tulikuwa tunailipia ardhi ya Kariakoo bili yake.

Fundi alipoondoka, Baba alisimama mbele ya mlango wa mwisho, wapangaji wote wakisikia. "Mama Eliasi, nilisema ni wewe. Si wewe. Nimekukosea, na nimewakosea wanao."

"Nimesikia, Baba Zuhura," akasema Mama Eliasi, akimwita kwa jina langu. "Washa hilo friji kwa mkono wako."

Akaliwasha. Tangu siku ile, kila jioni akitoka ghalani, alinunua barafu moja ya ukwaju akaila palepale koridoni, akiwa amefumba jicho moja, maana alikuwa na jino bovu. Hakukosa hata siku moja mpaka tulipohama.

Pale sasa pana ghorofa, na chini wanauza makava ya simu. Mimi naishi Tabata, nyumba yangu mwenyewe, na wanangu watatu, kila mmoja na chumba chake na mlango wake. Umeme naununua kwa simu, na siku hizi unaisha kabla sijakumbuka niliununua lini. Niliuliza kwenye grupu letu la familia nani anautumia hivi. Watatu wote walikuwa ndani ya nyumba. Watatu wote waliandika, "Sio mimi."

Jumamosi iliyopita nikaamua kuchunguza mwenyewe. Nilikata swichi kubwa bila kumwambia mtu. Milango ikafunguliwa mmoja baada ya mwingine. Wakatoka wakipepesa macho, wakauliza kama ni mtaa mzima au ni sisi tu, wakaja kukaa sebuleni kwa sababu dirisha la pale ndilo linaloingiza upepo. Mkubwa akamenya embe. Mdogo akasimulia jambo la shuleni kwake ambalo, nilivyohesabu, lilikuwa na miezi mitatu. Tulicheka. Baada ya saa nzima yule mdogo akaniuliza, "Mama, umeme unarudi saa ngapi?"

Nikamwambia sijui.