Jina la Baba Katika Dua ya Wasafiri

Mimi niliishia darasa la nne, na leo ukishuka Kona ya Musa ukauliza duka kubwa la vifaa vya ujenzi, hata aliyehamia jana atakuonyesha langu. Nilianza na mkokoteni. Lakini mwaka jana walipokuja watu kumposa binti yangu, ami wa yule kijana aliyeposa aliniuliza swali moja: kwetu hasa ni wapi, na ni watoto wa nani?

Baba alikuwa mkata miwa Ramisi. Alifariki nikiwa bado nanyonya, mama akanilea kwao Jego. Alinifundisha jina la baba, la babu na la baba wa babu, basi. Kwao baba, mama hakupajua. Wageni walisema watarudi baada ya wiki mbili. Mke wangu aliwasikia uani wakinong'ona kwamba nyumba ni ya ghorofa lakini mwenyewe hajulikani alikotoka.

Ijumaa iliyofuata nilipeleka mabati, sadaka yangu, kwenye kijiji kimoja cha kale upande wa Msambweni, kilichoanzishwa na sheikh na wanafunzi wake. Msikitini niliketi safu ya mbele ili nionekane. Baada ya swala imamu akafungua daftari lililochakaa. Desturi yao ni kuwaombea watu wa kijiji kwa majina, kwanza waliokufa, kisha waliosafiri. Nilikuwa nimeanza kusinzia. Kwenye wasafiri nikasikia jina la baba, bin babu, bin baba wa babu. Yote matatu, kama alivyonifundisha mama.

Nikasimama. "Sheikh, huyo hakusafiri. Huyo alikufa, na mimi ni mwanawe."

Walinipeleka kwa dada yake baba, kikongwe aliyekuwa barazani akisuka ukili wa mkeka. Nikampa shikamoo. Alinitazama tumbo kwanza.

"Kaka yangu alikuwa mwembamba. Wewe umekula na fungu lake."

Kisha akalia. Baba aliondoka akiwa kijana, asirudi. Maimamu watatu walitaka kumhamishia kwa waliokufa, na shangazi akawakatalia wote, kwa kuwa hakuna aliyekuja kumwambia kwamba amekufa. Alasiri ile imamu alilikata jina na kuliandika ukurasa wa waliokufa, tukamsomea khitma.

Siku zote nimejigamba kwamba sikushikwa mkono na mtu. Kumbe kila Ijumaa, nikisukuma mkokoteni juani, watu nisiowajua walikuwa wakisema: Mola mhifadhi msafiri wetu, yeye na kizazi chake. Alhamdulillahi. Kizazi chenyewe ndimi.

Wageni waliporudi, shangazi alikuwa amekaa kwenye kiti changu. Ami akarudia swali lake. Nikafungua mdomo, shangazi akanipiga kofi la gotini.

"Nyamaza, baba. Umejisemea peke yako miaka mingi."

Akaanza kuwahesabia wazee wetu, mmoja baada ya mmoja, hadi mwanafunzi wa kwanza wa yule sheikh aliyeanzisha kijiji. Mimi nilisikiliza pamoja na wageni, kwa maana wengi wao nilikuwa nawasikia kwa mara ya kwanza.