Waya Nilioulaza Juu ya Bomba

Ndugu zangu, aibu hii nimeshaiungama kwa padri, na Mungu ni mwingi wa huruma, lakini hadi leo nikipita njia ya kwa Mama Tekla nainamisha kichwa, basi acheni niwasimulie na ninyi.

Hapa Msamala jumuiya yetu husali Jumamosi asubuhi, kila wiki nyumba moja, na mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti. Mwezi wa tano, nikijiandaa kwa zamu yangu, nilitaka taa kwenye jiko la nje (jiko lile halina dirisha, nililijenga mwenyewe, na hilo nalo ni kosa). Fundi Hamisi akaja, akaangalia, akasema, "Mzee, nitatoboa ukuta upande ule, waya upite kwenye bomba lake la plastiki, mbali na maji. Nitarudi Jumatatu." Mimi nikaona Jumatatu ni mbali, na tundu lilikuwapo tayari, lile linalopitisha bomba la chuma la maji. Nikaupitisha waya humo humo, nikaufunga juu ya bomba kwa vipande vya mpira wa baiskeli, taa ikawaka, nikamshukuru Mungu. Fundi nikampigia simu asije.

Ikaingia baridi ya mwezi wa sita. Mke wangu akaniambia, "Baba Yohana, hili bomba linaniuma vidole." Nikamjibu ni baridi ya milima ya Matogoro, tena na uzee. Alipong'ang'ania nikatoka na mabuti yangu ya mpira ya shambani, nikashika koki. Sikusikia kitu.

"Unaona?" nikasema. "Ngozi yako imekuwa ya kitoto."

(Mabuti ya mpira! Miguu yangu ilikingwa, akili yangu haikukingwa na kitu.)

Siku ya zamu ikafika. Baada ya rozari Mama Tekla, mpiga kayamba wetu, akavua viatu, akaenda kusuuza vikombe vya chai. Sakafu ya pale ilikuwa imelowa. Akashika koki, na hakuiachia tena. Hakupiga kelele, alitetemeka tu, meno yamekazana, macho yamemtoka. Na mimi, niliyefundisha katekisimu miaka yote ile, nikaona pepo. Nikaamuru watu wapige magoti, nikachukua chupa ya maji ya baraka, nikawa namnyunyizia na kukemea, "Mtoke! Mtoke!" huku mama wa watu anakufa mbele yangu, mkono wake ukitoa harufu ambayo sitaisema.

"Usimguse! Ni lile bomba!" Mke wangu akanipigia kelele, akakimbia ndani, akazima swichi kubwa ya kwenye mita. Mama Tekla akaanguka kama gunia.

Walimpeleka hospitali kwa bajaji, akipumua kwa shida. Waliobaki wakaanza: "Fundi gani huyu?" "Si yule Hamisi? Akamatwe!" Nami nikanyamaza. Ya pepo watu wanaweza kusamehe, lakini nilinyamaza na rozari mkononi, mpaka Hamisi mwenyewe akaitwa, akaja, akaniamkia "Shikamoo, mzee" kama siku zote, akachungulia tundu. Chuma kilikuwa kimeula ule waya mpaka shaba ikaonekana. Akavuta kipande kimoja cha mpira, akakishika juu.

"Mimi sifungi waya kwa mpira wa baiskeli," akasema taratibu, bila kuniangalia.

Baiskeli yangu mbovu ilikuwa imeegemea ukuta pale pale, gurudumu la nyuma limebaki chuma kitupu. Watu wote wakaigeukia.

"Ni mimi," nikasema. Sauti ilitoka ndogo mno.

Mama Tekla alipona, Mungu ashukuriwe, lakini vidole viwili havikunjiki tena, na kayamba sasa anapiga mwingine. Uenyekiti niliuacha. Zamu ya Mama Tekla ilipofika nilichelewa makusudi, nikakaa karibu na mlango. Akaniletea maji ya kunawa, jagi kwa mkono wa kushoto.

"Nawa, Baba. Usiogope, haya ni ya jagi."

Watu wakacheka. Mimi nilishikilia mikono yangu chini ya maji yale hata jagi likaisha.

Siku hizi fundi akisema Jumatatu, nangoja Jumatatu. Na mke wangu akiniambia kitu kinamuuma, sivai tena mabuti kwenda kumbishia.