Macho ya Hervé

Mtaani kwao Kasongo, Benita aliitwa Macho ya Hervé, na jina hilo alilipenda kuliko la ubatizo. Mumewe ni fundi wa pikipiki. Injini anaifungua hadi skrubu ya mwisho na kuirudisha huku akipiga mluzi, lakini herufi humkimbia. Tangu shuleni zinarukaruka mbele yake, na fimbo za mwalimu hazikuzituliza. Basi kila adhuhuri alileta karatasi mfukoni: barua za ukoo, matangazo ya parokia, malalamiko ya wateja. Benita alinawa mikono, akamsomea. Penye maneno makali aliruka kidogo. Saa hiyo ilikuwa yake peke yake.

Halafu Carine, dada wa Hervé aliyeko Bukavu, akamtumia telefoni yenye akili bandia. Unaipigisha picha ya karatasi, nayo inasoma kwa sauti. Carine akamweleza kaka yake kwamba yeye si mjinga, ubongo wake hushika maandishi kwa njia nyingine, na watu wa namna hiyo ni wengi. Hervé alitembea wiki nzima kifua mbele. Benita alipaswa kufurahi, na hakufurahi hata punje. Mfuko ulirudi mtupu. Tena sauti yenyewe ilikuwa ya kike, nyororo, isiyochoka, isiyo na mtoto wa kunyonyesha. Wivu ukamkaba. Akaanza kuzidisha chumvi kwenye sombe, mboga ya majani ya muhogo, na mwanamume akala bila kuuliza.

Jumamosi moja alikuwa akitoka kisimani aliposikia sauti ile chumbani: "Hervé, ninakuandikia nikiwa na moyo mzito." Akatua ndoo. Heri mke mwenza mwenye miguu, huyo angalau unamfukuza. Akaingia ili aikwapue telefoni aitupe chooni, mkono ukaishia hewani. Kitandani palikuwa na karatasi ya daftari yenye mikunjo minne, na mwandiko wake mwenyewe wa miaka kumi na sita iliyopita.

"Usije Jumapili na wajomba zako," sauti ikamalizia bila haya. "Nimempa Magloire neno langu."

Miaka yote Hervé alikuwa ameitunza sandukuni akidhani ni ya mapenzi. Aliona aibu kumpa mtu aisome, na Benita ndiye kabisa asingeweza kumwomba. Leo alitaka hatimaye kuionja.

"Mama Laetitia," akamwambia mkewe polepole, "Magloire iko nani?"

Benita akakaa. Jumapili ile Hervé alifika kuposa, na wajomba na majogoo mawili, akamwambia kwa tabasamu kwamba barua ameipata na imempendeza. Benita akawaza: mwanamume aliyesoma maneno yale na bado akaja, huyo ndiye. Magloire akaachwa kwenye mataa. Hata alipokuja kugundua kwamba mumewe hasomi, aliamini kuna mtu aliyemsomea.

"Kumbe hakuna mtu aliyekusomea?"

"Ningejua kusoma, singekuja."

Siku mbili zilizofuata mwenye wivu alikuwa Hervé, na sasa chumvi ya sombe aliionja vizuri. Siku ya tatu, adhuhuri, alirudi mfuko umejaa. Akaziweka karatasi zote mbele ya mkewe.

"Unisomee weye," akasema. "Ile telefoni inasomaka yote."