Risasi za Juu ya Mafiga

Kwa miaka kadhaa mimi na mjomba wangu tulibishana juu ya kichwa cha risasi. Yeye alikuwa askari wa wanyamapori kwenye kituo kidogo ukingoni mwa msitu, juu ya Kianjokoma, na kazi yake ilikuwa kufukuza, na ikibidi kuua, wanyama walioingia mashambani. Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya fasihi, nafundisha sekondari, na sijawahi kurusha hata jiwe la manati likafika nilikolenga. Ni wazi nani kati yetu alikuwa na maoni mengi zaidi.

Maoni yangu yalitoka kwenye kitabu cha uwindaji nilichokipata kwa wauza mitumba Embu mjini. Kitabu kilisema nyati apigwe kwanza kwa risasi ya kichwa laini, ile inayofunguka kama uyoga ikiingia mwilini na kuchana mapafu. Mjomba alitaka kichwa kigumu, kilichovikwa shaba kote, kinachovunja mfupa wa bega na kuendelea na safari.

"Mwalimu," alikuwa akiniambia, "huo uyoga wako utafungukia kwenye ngozi. Nyati hubeba matope kama ukuta."

"Kitabu kinasema mapafu, mjomba."

"Hicho kitabu kimewahi kufukuzwa?"

Anti, mkewe, aliyekuwa akigeuza viazi mekoni, alisema, "Mwache ale kwanza. Akishindwa, ashindwe akiwa ameshiba."

Kazini mjomba alikuwa na bunduki nzee ya 458 kwa ajili ya wanyama wakubwa. Wenzake walikuwa na bunduki za kijeshi, ambazo risasi zake ndogo humkasirisha nyati kabla ya kumuua. Risasi za 458 zilizotolewa na ofisi zilikuwa chache, naye hakuziamini. Aliamini kopo lake mwenyewe.

Kopo hilo lilikuwa na historia. Zamani, kabla uwindaji haujapigwa marufuku, mjomba alimbebea bunduki mwindaji mmoja wa kigeni aliyejijazia risasi kwa mkono. Jioni kambini mzungu yule alipima baruti kwenye mizani ndogo kama ya sonara, akaimimina ndani ya ganda mpaka pomoni, kisha akakandamiza kichwa juu yake. Mjomba ndiye aliyeshika taa. Marufuku ilipokuja mzungu alirudi kwao, akamwachia mjomba kopo la risasi hizo, vichwa laini na vigumu vikiwa vimechanganyika. Kisheria hazikupaswa kuwa kwake. Lakini alizipenda jinsi mtu anavyopenda chakula alichokiona kikipikwa.

"Za ofisi sijui nani alizijaza," alisema. "Labda alikuwa amelewa. Hizi niliona kwa macho yangu."

Upande ule wa mlima ukungu huingia mpaka ndani ya kiberiti. Ndiyo maana kila jiko la kwetu lina itara, uchaga wa fito juu ya mafiga. Huko hukaa mbegu za mahindi na maharagwe na kuni za akiba. Moshi huzuia wadudu, joto hufukuza unyevu. Kitu chochote unachokithamini na usichotaka kioze, unakipandisha huko. Kopo la risasi lilikaa juu ya itara, katikati ya mbegu, tangu marufuku. Anti alilishusha kila mvua zilipokaribia, akalipangusa masizi, akalirudisha. Hakuna aliyeliona hilo kuwa jambo. Kitabu changu, kilichokuwa na sura nzima kuhusu viatu, hakikusema neno.

Kisha nyati mmoja dume akatoka msituni na waya wa mtego mguuni. Waya ulikuwa umekula nyama mpaka mfupani. Akamuua mama mmoja aliyekuwa akiokota kuni nyuma ya mashamba ya chai, akabaki hapo hapo kwenye vichaka vya chini ya mianzi. Asubuhi iliyofuata watu hawakwenda kuchuma chai. Walikuja kwa mjomba.

Nilikuwepo, kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa. Anti alishusha kopo. Mjomba alimwaga risasi mezani na hata hapo tukabishana, kwa sauti ya chini kwa sababu ya watu waliokuwa nje.

"Ya kwanza weka laini," nilisema. "Zinazofuata ngumu."

Aliokota moja ya kichwa laini. "Haya, mwalimu. Leo uyoga."

Sisi wengine tulisubiri barabarani, chini ya shamba la chai. Yaliyotokea juu alinisimulia askari mwenzake aliyeingia naye. Nyati alikuwa amesimama ubavu, karibu. Mjomba alilenga nyuma ya bega, akafyatua. Mlio wenyewe niliusikia: mwembamba, kama mtu aliyekohoa ndani ya pipa. Nyati aligeuka. Mjomba akafyatua ya pili, ya kichwa kigumu, na bunduki ikalia tiki, ikanyamaza, halafu ikalipuka ikiwa imeshachelewa: nyati alikuwa ameshamfikia kwa pembe. Mwenzake alimmiminia nyati risasi zote za bunduki ya kijeshi mpaka akaanguka. Alimwangukia mjomba, ambaye tayari alikuwa amefariki.

Walipomchuna nyati walikuta kile kichwa laini chini ya ngozi, kikiwa kizima kama siku kilipotengenezwa. Hakikufunguka. Kigumu kisingefika mbali zaidi.

Baada ya mazishi yule askari alichukua risasi moja iliyobaki kwenye kopo, akaing'oa kichwa kwa koleo. Baruti haikumwagika. Aligonga ganda kwenye jiwe, likatoka bonge moja gumu. Alilinusa.

"Hii imepikwa," alisema. "Imepigwa na joto miaka yote. Mzee alikuwa akiziweka wapi?"

Nilimwambia sijui.

Jioni hiyo anti aliketi mekoni, akaniuliza mimi niliyesoma. Alitaka kujua ni nini hasa. Ilikuwa ile laini au ile ngumu iliyomwangusha mzee wake?

"Zilikuwa nzee tu, anti. Risasi huzeeka."

"Lakini nilizitunza," alisema. "Hazikuona unyevu hata siku moja."

"Najua."

Mvua za kupanda zilikuwa karibu. Alisimama, akanyoosha mkono juu ya itara, akashusha hindi la mbegu, akalipukuchua kidogo kiganjani ili nione punje zilivyo safi.

"Huku juu," alisema, "hakuna kitu kimewahi kuniharibikia."

Anti bado yuko hai, na hasomi insha zangu kama hii, jambo ambalo halimtofautishi na watu wengi. Nilipokea zile punje, nikamwambia ni nzuri. Zilikuwa nzuri. Tulizipanda wiki hiyo na zote zikaota.