Vyeo vya Mgombea Urais Jukwaani Koboko

Siku yangu ya kwanza kazini, huko Manibe karibu na mpaka, nilipaza sauti hadi majogoo wa Kongo wakajibu. Nilikuwa nimetoka tu kumaliza masomo ya jioni mjini Arua, nikaajiriwa kuwa mkalimani wa jukwaani: mgombea anasema Kiingereza, wewe unakigeuza kuwa Kiswahili kabla makofi hayajapoa. Lakini kwanza unapandisha vyeo, yaani unataja kila ofisi aliyowahi kushika, ya chini hadi ya juu.

Asiye na vyeo alitutesa. Daktari mmoja kijana aligombea urais akiahidi mambo matamu kama malaika. Tulipomfikisha Ajia, wazee wa huko wakauliza, "Huyu ameongoza hata kijiji gani?" Tukabaki kukohoa.

Baadaye nilipelekwa Koboko kumtangaza waziri wa zamani wa barabara, naye akitaka urais. Mratibu wa kampeni, mwanajeshi mstaafu, alinionya: "Ukiharibu hapa, Arua utarudi kwa miguu, na kazi basi."

Nikapanda jukwaani, katikati ya soko. Diwani! Makofi. Mbunge! Vigelegele. Waziri wa barabara!

Mama muuza mihogo akasimama. "Waziri ya barabara? Muhogo yangu iko naoza njiani kila mvua! Wewe iko waziri ya barabara gani, mzee?"

Soko zima likaangua kicheko.

"Usimfasirie hiyo!" mratibu akaninong'oneza.

"Mama amesema nini?" mgombea, asiyejua Kiswahili, akaniuliza.

Miguu ilianza kuniuma hata kabla ya safari ya kurudi Arua, lakini nilifasiri yote, pamoja na mihogo. Mgombea akakunja hotuba yake. "Mwambie niliomba fedha za barabara hiyo, nikanyimwa. Nikanyamaza, nisije nikapoteza uwaziri."

Mama hakukaa. "Mutu alinyamaza juu ya kiti kidogo, kwa kiti kubwa si atakuwa bubu?"

Nikafasiri na hilo. Mgombea akamgeukia mratibu, akamwambia, "Mkalimani huyu abaki."

Urais aliukosa. Sasa nimestaafu, koo limekwisha, na vijana wanaoanza kazi huniuliza kama cheo cha zamani humsaidia mtu kuwa rais. Husaidia. Bila cheo, uwanjani mtakuwa wewe na spika zako. Ila watu wakishajaa, wanakuuliza juu ya kila mwaka uliokaa ofisini, nawe huna wa kumsingizia.

Mimi kura yangu nilimpa, kwa kuwa alitaka kujua mama amesema nini. Mama mwenyewe, sidhani kama alimpa.